Siku Tuliyopiga Kura kwa Kokwa za Chikichi

Sisi tuliokulia Ujiji enzi zile, kabla simu haijaanza kutuamulia mambo, tulikuwa na njaa mbili tu: ya samaki mgebuka wa kuchoma na ya kupanda mtumbwi. Ya kwanza Bibi aliimaliza kila jioni, kwa ugali wa muhogo mgumu kiasi kwamba ukidondoka sakafuni, watu wa mtaa wa Buzebazeba wanaitikia hodi. Ya pili ilikuwa mikononi mwa Baba Mdogo, mwenye mtumbwi wa injini na roho ya kubana.

Sasa, likizo moja Baba Mdogo akalainika. Akaja uani asubuhi, akatukuta watoto kumi na wawili, akatangaza: "Leo nawapeleka matembezi, mahali pamoja tu! Nikimaliza chai nataka jina la hapo mahali, na asiwepo aliyenuna. Akinuna mmoja, safari imekufa."

Aliyefurahi kupita wote ni binamu yangu Nyamwiza, aliyekuja kututembelea kutoka Simbo. Kwao ni mashamba. Ziwa alikuwa akilitazama kwa mbali, na kesho yake alfajiri alikuwa anarudi kwao. Alikwisha kujifunga kanga kiunoni, anaruka kama dagaa kwenye kikaango. Asipopanda siku ile, basi tena.

Hapo kelele zikaanza. Huyu Bangwe, yule Katonga, mwingine Gombe akaone sokwe. Rafiki yangu Shabani alitaka Kongo.

"Kongo na kaptula hiyo?" dada yangu Zuhura akamuuliza.

Mimi nilitaka Kibirizi, maana nilikuwa na kofia mpya na kule ndiko kwenye watu wengi wa kuiona. Tukanyoosha mikono kupiga kura, kila mtu akajinyooshea mwenyewe. Tukapata maeneo tisa na ngumi tatu.

Bibi akaacha kupepeta unga. "Mtafukuza dagaa wahamie Burundi! Chimbeni mashimo tisa hapo mchangani. Kila shimo mahali pake." Akatugawia kokwa za chikichi, tatu kila mtu. "Kila kokwa shimo lake. Moja weka unapopapenda, mbili unapoweza kupavumilia. Mashimo yenye chache tunayafukia."

Tukaweka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tukamwachia Shabani nafasi. Huyu nadhani alizaliwa ameshika kete. Kuona mashimo yamejipanga na kokwa ndani, mkono ukamtangulia: akachota kura za Bangwe, akazitembeza shimo hadi shimo, akachota tena, akazungusha, akafika kwenye Kongo akapiga yowe, "Nimekula!" Tulipotahamaki, Kongo ina kura kumi na tisa.

"Yewe Shabani, hili ni bao?" Zuhura akamshika sikio.

"Aa, dada, si mashimo haya? Si kete hizi?"

Ndani, chai ya Baba Mdogo ilikuwa imefika nusu kikombe. Nyamwiza hakucheka. Akapiga magoti, akaokota kokwa zote thelathini na sita, akatugawia upya. Tukaweka tena, safari hii Shabani amekaliwa na Zuhura. Mashimo sita yakafukiwa, Kongo ikiwa ya kwanza. Yakabaki Bangwe, Katonga na Kibirizi, na sasa kila mtu kokwa moja tu. Katonga saba, Bangwe nne, Kibirizi moja. Ile moja yangu.

Nikanuna. Mdomo ulivimba, kuku angeweza kulala juu yake.

Baba Mdogo akatoka. "Jina?"

"Katonga!"

"Na huyu ana nini?" Kidole kikanielekea mimi.

Nyamwiza akanisogelea sikioni. "Kaka, mimi Katonga siijui, Kibirizi siijui. Mimi nataka maji. Cheka, nakuomba."

Nilijitahidi kuendelea kununa, wallahi nilijitahidi. Nikamwona na ile kanga yake ameifunga mafundo manne, machozi yanamlenga, nikacheka mpaka Baba Mdogo naye akacheka. Mtumbwi ulipoacha ufukwe, Nyamwiza akatumbukiza mkono ziwani, akapiga kelele ambayo nina hakika wavuvi wa Kongo waliigeukia. Katonga tulikula dagaa wa moto kwenye majani, na mimi nikasahau kabisa kwamba nilishindwa.

Ukubwani, kwenye masomo ya jioni, mwalimu akatuandikia ubaoni mbinu ya kisasa ya kuchuja mapendekezo kwa kura. Darasa zima likanakili. Mimi nikabaki natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Majuzi nikawapelekea wapwa zangu mbinu hiyo, wachague pa kutembea Jumapili. Wakapiga kura kwenye kundi la simu siku tatu, kwa vidole gumba, wakachuja vizuri kabisa na mahali pakapatikana. Walioshindwa hawakununa hata kidogo. Walilefti. Jumapili tukafika ufukweni wawili, mimi na mmoja wa walioshinda, naye macho kwenye simu. Enzi zetu, ndugu zangu, aliyeshindwa hakuwa na pa kulefti: alikaa humo humo mtumbwini katikati yetu, amelowa chapachapa, anaimba kutushinda wote.