Jina Lililoingia Kwenye Wimbo

Nilisikia banjo kabla sijaiona. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nami nilikuwa chini kwenye kahawa nikitafuta ndizi zilizoiva, ndipo sauti kavu ya haraka, kama mvua ya mawe juu ya mabati, ikanishukia kutoka nyumbani. Nyuma yake ilijikokota sauti nyembamba ya kulia niliyoijua: wandindi, fidla ya uzi mmoja ambayo wazee wa Mukurweini walikuwa karibu kuiacha. Nilipanda kilima mbio. Nikamkuta Tata Wanjira, dada mdogo wa baba, amekalia ndoo iliyopinduliwa, banjo mapajani, na kando yake kijana mrefu wa Kenol aitwaye Gachanja.

Msimu ule wote wa mvua walipiga pamoja kila Jumapili. Tata alikuwa amejifunza kwenye redio muziki wa watu wa milimani huko Marekani, bluugrasi, ule ambao nyuzi hukimbia huku maneno yakiomboleza. Alisema watu wale ni kama sisi, nao wana mlima na makaburi. Lakini maneno aliyataka ya kwetu, kwa hivyo aliketi na Cucu, nyanya yangu, jikoni, katika moshi wa mkaratusi na harufu ya maziwa yaliyofurika, akamwomba nyimbo ambazo wanawake waliimba wakichimba handaki wakati wa Hali ya Hatari, kabla ya uhuru. Cucu aliimba. Alisimulia pia jinsi kaka yake alivyosontwa kidole mbele ya askari na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Cucu alimtambua mtu huyo kwa miguu yake. Jina hakulitoa. Alisema kwetu majina hayazikwi, mjukuu hupewa la babu yake, na anayemtukana maiti humtukana mtoto.

Mimi nililijua. Nililala kitanda kimoja na Cucu, na katika sala za alfajiri alimtaja mtu huyo, akiomba aweze kumsamehe, na kesho yake akiomba tena. Ubeti wa mwisho wa wimbo waliotunga juu ya kaka yake Cucu ulipokwama kwa kukosa jina la msaliti, nilimnong'onezea Tata jina lile. Nilitaka anipende kuliko banjo. Alicheka. Akina Gachanja, alisema, wamejaa mlima mzima kama majani chai. Gachanja wetu naye akashusha upinde wa wandindi.

"Kwa hivyo mnaniimba nikiwa hai? Si mngoje nife kwanza."

Kahawa ilipoanza kuiva, wazee wake walikuja kumposa Tata. Baada ya kula, watu wakataka wimbo. Baba yake Gachanja, mzee mpole, alitikisa kichwa kwa kufuata mahadhi hadi ubeti wa mwisho. Kisha akaweka chini kikombe cha uji.

"Huyu kijana nilimpa jina la baba yangu," alisema polepole. "Tulitoka hapa Mukurweini mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Nilifikiri hakuna anayekumbuka."

Cucu alimtazama miguu, akajifunika uso kwa leso. Halafu akamuuliza Tata ni nani aliyempa jina lile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Cucu. Tata hakunitazama.

"Nililitafuta mwenyewe."

Wageni waliondoka kabla ya chai. Gachanja aliifunga wandindi yake katika koti, hakurudi tena. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini ule niliuchomeka mimi, akachechemea mwingine. Tata hakuolewa.

Siku hizi vijana wa Nyeri, kofia pana vichwani, wanaimba historia ile jukwaani mchana kweupe, handaki, magunia, majina na yote. Mwezi uliopita nilimpelekea Tata wimbo wao mmoja kwenye simu. Nilikusudia pia kumwomba msamaha ambao miaka yote hii nimeuandikia kurasa nyingi na kamwe sijautamka. Alisikiliza kichwa kimeinama, nywele zake zote mvi sasa. Waimbaji walipotaja jina la msaliti wao, umati ulishangilia.

"Wao wanapigiwa makofi," alisema.

"Tata, siku ile…"

Akainuka, akavaa gambuti, akaniambia ng'ombe hawangoji. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.