Panya Asiyekunywa na Nondo Asiyekula

Mama Vioo alipata jina hilo kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alifuta makabati ya vioo ya makumbusho. Shule hakwenda mbali, lakini kila kibao alikisoma mpaka akakijua kwa moyo.

Mkurugenzi mpya alipofika, aliondoa mtungi wa maji ya kunywa kwenye chumba cha wafanyakazi, eti watu wanakwenda pale kupiga soga. Wiki ya pili mlinzi wa lango, mtu mzima mpole, akazimia juani. Mama Vioo ndiye aliyemmwagia maji ya ndoo ya kupigia deki.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi aliwakusanya wote ukumbini, akasimama katikati ya makabati mawili.

"Mnalalamikia maji," alisema. "Huyu panya wa jangwani hanywi hata tone maisha yake yote. Na nondo huyu, kipepeo wa usiku, hana mdomo wa kulia. Mbona hawanung'uniki?"

Wengine wakacheka kwa kujipendekeza. Mama Vioo akasogea mbele.

"Bosi, hukumaliza kusoma vibao," alisema bila kupaza sauti. "Panya anapata maji kwenye mbegu anazokula, na jua likiwaka amelala zake shimoni. Wewe ulimsimamisha mwenzetu langoni kutwa. Nondo naye alikula akavimba alipokuwa kiwavi. Akishaota mabawa, wiki moja tu, amekufa. Sasa unataka tufanane na yupi?"

"Mama, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na juzi nilimjua niliyemmwagia maji ya deki."

"Ilikuwa jana," mlinzi alisema kutoka nyuma.

"Jana, basi. Ndiyo mbaya zaidi, hata siku mbili hazijapita."

Mama Vioo aliletewa barua ya kuomba radhi aitie sahihi, akairudisha vilevile. Akahamishiwa ghala la chini, peke yake na maboksi ya mifupa.

Siku ya tatu mtungi ukarudi, bila mtu kueleza lolote. Mlinzi akateremka na kikombe.

"Dada, kunywa. Haya ni yako."

Akanywa, uso ameukunja. "Mpaka mtu azimie, kaka? Pole umepewa?"

"Sijapewa."

Mama Vioo akakibwaga kikombe juu ya boksi, akavuta kitambaa chake, akaendelea kufuta mifupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.