Kwandu wa Ngulyati na uvimbe ambao sindano imeshindwa kuusema

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Ngulyati. Kwandu Mboje anasafisha koo, anainua jembe na kuanza kuimba. Wanawake wenzake wanaitikia, majembe yanashuka pamoja, magugu ya shamba la pamba yanaanza kulala.

Kikundi hiki hukodiwa kupalilia, na anayekiongoza kwa nyimbo ni Kwandu, mama wa watoto watano. Akinyamaza, kila mtu anapiga jembe kwa mwendo wake na kazi inadorora. Wenye mashamba wanalijua hilo, ndiyo maana huulizia kwanza kama yeye atakuja.

Leo wimbo unamshinda katikati. Anashika shingo, pale kitambaa kinapoficha uvimbe mkubwa kama limau.

"Pumzika, mayu," mwenzake Felisita anamwambia, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Nikipumzika nitawaza," Kwandu anajibu, na kuendelea kupalilia bila wimbo.

Cha kuwaza anacho, tena cha kumtosha. Mwaka jana, katika hospitali moja jijini Mwanza, alichomwa sindano shingoni ili wachukue chembe za uvimbe huo wa tezi wakapime. Jibu likaja halina mbele wala nyuma: hawakuona saratani ya wazi, na hawakuweza kusema haipo. Daktari akairudia picha ya ultrasaundi, akaona kingo za uvimbe hazijakaa vizuri, akamweleza kwamba kati ya watu wanne wenye majibu kama yake, mmoja hukutwa na saratani.

Kwandu, aliyechambua pamba tangu utoto, akalielewa kwa namna yake: robo ya uvimbe ndiyo imeoza.

"Nikamwambia, basi chambua, daktari. Fifi toa, safi niachie," anasema. Fifi ni ile pamba iliyochafuka, inayotengwa kabla mzigo haujaenda kuuzwa. Anacheka kidogo, kisha machozi yanamtoka.

"Akaniambia, 'Mama, huu hauchambuliki. Ama ni saratani, ama siyo. Tutajua tukishautoa.'"

Kuutoa nako kuna balaa lake. Mshipa unaoendesha sauti unapita jirani, na daktari hakumficha kwamba ukijeruhiwa, sauti inaweza kukwaruza au kupotea kabisa.

Mumewe, Jilala, hataki kusikia habari za kisu. "Watatu kati ya wanne ni wazima," anasema. "Kwa nini akatwe shingo bure?"

Kwandu hamlaumu. Anajua mumewe anaweza kuwa sahihi, na hilo ndilo linalomtesa.

"Yeye anawaona wale watatu," anasema. "Mimi kila nikilala, huyo mmoja ni mimi."

Ameshaamua. Palizi ikiisha atarudi Mwanza akapasuliwe, Jilala akubali asikubali. Wimbo amekwisha kuukatia tamaa.

"Kanisani wananiombea nipone. Mimi sijafika huko," anasema. "Nataka kwanza mtu aniambie naumwa nini, hata kama sitakuwa na sauti ya kumwambia asante."