Karatasi Iliyonikataza Kusema Nimekosa

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Nakuru kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi nilikuwa DJ. Watu walicheka. Mwanamke, tena mwalimu, anapiga muziki kwenye harusi? Niliwaacha wacheke. Spika mbili na mikisa ya kuchanganyia sauti nilinunua kwa jasho langu, na hakuna aliyenichangia hata waya.

Bima sikuitafuta kwa kupenda. Mwenye bustani moja ya sherehe alinikatalia langoni: bila karatasi ya bima, hupigi muziki kwake. Basi nikaanza kuzunguka ofisi za mjini. Kila karani aliniuliza gari ni la aina gani. Nikisema si gari, ni spika, ananitazama kama mtu aliyepotea njia. Katika ofisi ya sita, juu ya duka la vitambaa, nilimpata wakala mmoja mzee aliyenisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo inaitwa public liability, mwalimu," alisema. "Kitu yako ikiumiza mgeni, kampuni inalipa hospitali."

Kisha akanionyesha kwa kidole mstari mmoja kwenye karatasi. "Lakini soma hapa. Mtu akiumia, usikubali makosa. Usiombe msamaha. Unanipigia simu, halafu unanyamaza."

Nikatia sahihi. Kunyamaza niliona ni kazi rahisi.

Miezi michache baadaye niliitwa Subukia kwenye ruracio, siku ambayo ukoo wa bwana harusi hupeleka mahari kwa akina bibi harusi. Kwa desturi wageni hawaingii tu. Wanawake wao husimama langoni wakaimba, wa ndani wakawajibu kwa wimbo, na lango halifunguliwi mpaka wenyeji waridhike. Mchana ule waliimba vizuri hata mama wa bibi harusi akanijia mbio.

"Mwalimu, geuza spika iangalie gate! Wakiingia tu, wapigie!"

Nikaikokota stendi ya spika hadi karibu na njia. Mifuko ya mchanga inayokaa juu ya miguu ya stendi nikaiacha ilipokuwa. Nitairudia, nilijiambia. Lango likafunguka, wanawake wakaingia wakicheza na vyondo vyao vya zawadi mgongoni, na mmoja akajikwaa kwenye waya wa spika. Spika ikaangukia kifundo cha mguu cha shosho, nyanya yake bibi harusi, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele kabisa.

Nilimpigia wakala simu shosho akiwa bado anaingizwa kwenye gari kupelekwa hospitali Nakuru.

"Umewaambia nini?" aliuliza.

"Sijasema kitu."

"Kaa hivyo hivyo."

Nilikaa hivyo siku mbili, na sijawahi kujichukia kama siku hizo. Kwetu, ukimuumiza mtu unaenda kwake na sukari na maziwa, unaketi, unasema ni wewe. Usipokwenda, unahesabiwa adui. Shosho alihitaji upasuaji na kuwekewa chuma mguuni, na kila mtu anajua hospitali haimwachilii mgonjwa mpaka bili ilipwe. Nikinyamaza, kampuni italipa. Nikisema, huenda isilipe, na mshahara wangu haungeweza kumtoa mle ndani.

Siku ya tatu nilipika uji, nikautia kwenye thamosi, nikaenda. Mwanawe shosho alikuwa mlangoni pa wadi.

"Hata pole hatujaskia," alisema. "Kwani tulikukosea?"

Nikampita. Nikamshika shosho mkono. "Shosho, ni mimi. Nilihamisha spika na sikuiwekea uzito. Nimekosa."

"Nilikuwa nangoja uje," alisema. "Hiyo uji iko na sukari?"

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa wakala, nikamwambia nimekubali makosa na aandike hivyo. Mzee wa watu alishika kichwa.

"Mwalimu, umejimaliza! Si tuseme tu hukuongea?"

"Andika vile nilisema."

Barua ikaja: kwa kuwa nilikiri, kampuni haitalipa. Shosho alikuwa ameshapasuliwa, na sasa alizuiliwa wadini kwa ajili ya mdomo wangu. Nililia, nikanawa uso, nikaenda kumtafuta mpiga picha wa ile sherehe. Alikuwa na picha ya lango likifunguliwa. Stendi yangu ilionekana wazi, miguu mitupu, na mifuko ya mchanga nyuma kabisa chini ya meza.

Kila siku baada ya masomo nilikuwa kwenye benchi la kampuni ile, nikiomba kumwona mkubwa. Siku ya tisa meneja alichoka na sura yangu, akaniita. Nikaiweka picha mbele yake.

"Hii ilipigwa kabla sijafungua mdomo," nilisema. "Nionyeshe kitu nilichomwambia yule shosho ambacho hakiko hapa. Hata ningenyamaza, picha hii ingewafanya mlipe."

Aliichukua, akaisogeza dirishani penye mwanga. "Wewe mwalimu ni mgumu," alisema.

"Ningekuwa rahisi singekuwa DJ."

Walilipa, shosho akarudi kwake. Kisha wakakataa kunikatia bima tena, nami nikaanza upya kupanda ngazi za ofisi za watu mpaka nikapata nyingine. Nayo ina mstari uleule. Nilimwambia karani mapema kwamba huo sitauweza.

Harusi ilikuwa ifanyike Desemba, lakini uchaguzi ukaja na fujo zake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa muziki. Ilifanyika Agosti 2008, Subukia kulekule, na bibi harusi akasema DJ ni mimi au hakuna. Nilifika asubuhi na mapema. Kila stendi niliiwekea mifuko mitatu.

Shosho alikuja akichechemea na fimbo. Hakwenda kwenye kiti alichoandaliwa. Alinijia mimi, akaiegemeza fimbo kwenye stendi, akaisukuma stendi hiyo kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akaizunguka meza yangu, akasukuma na ya pili. Kisha akaagiza kiti chake kiletwe palepale, chini ya spika, akaketi.

"Haya," alisema. "Piga."