Miezi Miwili ya Kuwachagulia Watu Mashine za Kufulia

Kazi yangu ilianza Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, wiki ya kwanza ya likizo kubwa ya shule. Nakumbuka mpaka dakika kwa sababu nilitakiwa saa tatu kamili, na zile dakika kumi nilizimaliza nje ya mlango wa duka, kwenye jua la Julai, nikisubiri mtu mwingine aingie ili nimfuate kwa nyuma. Hakuja mtu. Mwisho Meneja akafungua mlango mwenyewe. "Ruwaida, utaungua hapo. Ingia, duka halikuli."

Meneja ni shangazi yangu, dada yake baba. Lakini siku ile ile aliniweka sawa: "Nyumbani Al Twar mimi shangazi yako. Hapa mimi Meneja, na yule kule nyuma ni Fundi Mkuu. Ukiniita shangazi mbele za wateja, watadhani tunacheza duka." Kwa hiyo na hapa nimewaandika kwa vyeo vyao.

Duka lenyewe liko Qusais, hapa Dubai, na linauza mashine za kufulia, mpya na zilizotumika. Wateja karibu wote ni watu wetu: wa Unguja, wa Mombasa, na Wakenya wa bara. Wengi hawanunui mashine ya kutumia Dubai. Wananunua ya kupeleka nyumbani, inapandishwa kwenye kontena, na ikishapandishwa ndiyo basi tena. Mashine ikikosewa, hairudi.

Wadogo zangu, Meneja amesema mmoja wenu atashika nafasi yangu likizo ijayo, ndiyo maana nayatoa haya kwenye daftari langu ambalo kwa kawaida halisomwi na mtu. Nimestaafu nina miaka kumi na sita. Mkitaka kucheka chekeni, lakini msome.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyuma, kwa Fundi Mkuu. Ni Mganda, mrefu, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha kazini. Hakuniuliza jina mpaka siku ya tatu. Aliniita Mwanafunzi.

"Yalla, Mwanafunzi, leta sikio," alisema, akafungua mlango wa mashine moja, akalisukuma pipa la ndani kwa kidole. Pipa lilizunguka kimya, likaenda, likaenda, likasimama taratibu. Akahamia ya pili. Ile ilinguruma kama mtu anayesukutua mchanga. "Hiyo ni beringi. Vigololi vinavyolibeba pipa vimekwisha. Sasa shika pipa, liinue juu, lishushe. Linacheza?"

"Linacheza."

"Khalas. Hiyo ni maiti iliyopigwa rangi."

Kwake nilijifunza kunusa mpira wa mlango, ule unaozuia maji yasitoke. Ukinuka ukungu, mwenye mashine alikuwa akiifunga ingali mbichi. Nilijifunza pia kuchuchumaa na tochi nitazame pipa la nje limeungwaje. Mengine yamefungwa kwa bolti pande zote, na mengine yamegandishwa moja kwa moja, hayana mahali pa kufungulia. Nilidhani yaliyogandishwa ndiyo imara. Fundi Mkuu akatikisa kichwa. "Kila mashine itaharibika siku moja. Mimi nataka inayofunguka. Hii iliyogandishwa, beringi ya bei ndogo ikifa, unatupa mashine nzima."

Nilipapenda nyuma. Mashine haikuangalii usoni. Asubuhi tulijaza maji kwenye ndoo mapema yapoe, maana bomba la baridi huku mwezi wa saba linatoa maji ya kupikia chai, na tukijaribia mashine kwa hayo, nguo za Fundi tulizotumia zilikuwa zikichuja rangi zote. Kitu kilichomkasirisha Fundi Mkuu ni kimoja tu: wateja wanaojaza zawadi ndani ya pipa kabla ya safari. Mtu analipia nafasi kwenye kontena, kwa hiyo haachi tundu. Siku moja alitoa humo kilo ishirini za mchele na sufuria tatu. "Nimefunga bolti za safari pipa lisitikisike baharini," alimwambia yule mama, "halafu wewe unaliwekea jiko zima." Nguo, khanga, mashuka, hizo sawa. Sufuria hapana. Na bolti hizo lazima zitolewe mashine ikifika, la sivyo itatembea yenyewe mpaka sebuleni.

Wiki ya pili nikahamishiwa mbele. Sikutaka. Nilimwambia Meneja nina mafua.

"Mafua na karatasi havigombani," alisema, akanipa rundo la karatasi. Kila mteja ana karatasi yake, na juu kabisa pana maswali matatu: Nani atakayefua? Umeme ukoje? Maji yanafikaje? Rangi, jina la kampuni na vitufe vingapi, hayo hayamo. "Mtu hatembelewi na mashine peke yake," Meneja alinieleza. "Inaingia kwenye nyumba, na nyumba ina bomba lake na umeme wake. Uliza vitatu hivi kabla hajaanza kupenda kitu. Akishapenda, hasikii tena."

Maswali mawili ya mwanzo nilikuwa nayaweza. Lile la maji lilinishinda. Kumuuliza mtu mzima, aliyevaa vizuri, kama kwao maji yanatoka bombani, niliona kama namuuliza kama kwao wanakula.

Basi akaja Mzee Sleiman, anaishi Oud Metha, mtu wa sauti kubwa, ananunulia binti yake aliyeolewa Unguja. Meneja alikuwa amekwenda kuswali. Mzee alikuwa ameshapenda tangu mlangoni: mashine ya mlango wa mbele, ya kioo, nyeupe kama jino. Nilijaza nani atakayefua, nikajaza umeme. Nilipofika kwenye maji nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Na maji, babu?"

"Yapo, mwanangu, yapo. Andika tu."

Nikaandika yapo.

Alirudi mwezi uliofuata, kuulizia kama tunauza na feni. Alikuja akicheka, na hapo ndipo ilipouma. "Mashine yenu nzuri sana," alisema. "Binti yangu yuko ghorofa ya tatu, maji hayapandi, wanateka kwa ndoo. Kaitandikia kitambaa, kaweka maua juu. Wageni wakija wanaisifu."

Meneja hakunigombeza mbele yake. Baadaye aliitoa ile karatasi, akaiweka mbele yangu, akaweka kidole kwenye neno nililoliandika. "Yapo wapi, Ruwaida? Ungeongeza neno moja." Akaenda kutengeneza chai. Nilikaa na ile karatasi mpaka wakati wa kufunga. Nilijua atakayenunua tena kwa sababu ya kimya changu, fedha yake nitakuwa nimeitupa mimi, na mtu wa nyumbani kwao ataendelea kufua kwa mikono huku anaitazama mashine.

Siku nne baadaye akaingia Dada Mercy.

Ni mlinzi wa majengo Discovery Gardens, wanakaa sita chumba kimoja. Alikuja na sare yake, viatu vimeng'arishwa, ana mchana ule mmoja tu wa ruhusa, na kontena la Mombasa lilikuwa linafungwa kesho yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine nyeusi ya mlango wa mbele, ile ya kioo cha kugusa, inayopiga wimbo ikimaliza. Fundi Mkuu akamwashia. Ilipoimba, Dada Mercy akashika kifua.

"Aki, mum akiskia hii atadhani ni kwaya. Nipatie hii."

Nikaleta karatasi. Niligundua jambo siku ile: nikiisoma kwa macho yaliyotazama chini, swali linakuwa la karatasi, si langu. "Nani atakayefua?"

"Mum. Mikono yake imeisha. Akikamua shuka moja, kesho yake hawezi kushika kikombe."

"Umeme ukoje?"

"Uko. Ukipotea, unarudi."

"Maji yanafikaje?"

"Yako."

Kalamu ilisimama. Nilisikia mashavu yangu yanawaka. "Yako wapi, Dada Mercy?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa tangi. Na punda."

"Punda?"

"Kitui, mrembo. Punda analeta mitungi. Lakini ni mingi, usijali."

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilirukaruka. Kwamba mashine hii inataka maji yanayosukumwa na bomba, na yasiposukuma inangoja, halafu inaandika kosa na kuzima. Kwamba umeme ukikatika katikati, mlango unajifunga na nguo zimo ndani zimelowa. Kwamba ukiharibika ubao wake wa umeme, fundi wa Kitui hatakuwa nao.

Akamgeukia Meneja. "Madam, huyu mtoto wenu anakataa nisinunue?"

Meneja hakuinua kichwa kwenye hesabu zake. "Wa mbele leo ni yeye. Ongea naye."

Nikampeleka kwenye kona ambako hakuna taa nzuri. Zipo pale mashine za mapipa mawili: moja la kufulia, la pili dogo la kukamulia. Unamimina maji kwa ndoo, unazungusha kitufe kama cha saa, basi. Umeme ukikatika kinasimama kilipo, ukirudi kinaendelea.

Dada Mercy aliigonga kwa kucha. "Hii? Plastiki? Nimekaa Dubai miaka sita, nipeleke beseni lenye waya?"

"Beseni lenye mota nzuri," alisema Fundi Mkuu kwa nyuma.

"Wewe nyamaza, hukai kwetu. Shemeji yangu akiona hii atasema Mercy alikuwa anafagia tu huko."

Ya shemeji nikayaacha. Nikamweleza ya Mzee Sleiman, na sehemu yangu nikaitia. "Ile ya kioo nilimwandikia mimi. Nilijua niulize, nikaona haya. Sasa ina maua juu." Halafu nikasema kitu ambacho sikukipanga: "Tumpigie mama yako."

Alifungua kifungo cha mfuko wa sare. Akatoa simu.

Mama yake alitokea kwenye kioo cha simu, amefunga kitambaa kichwani, kuku wanapita nyuma. "Nani huyo mdogo?"

"Ni wa duka, mum. Nilipenda ingine ya kuimba, anasema umeme ukipotea itakufungia nguo ndani. Anataka kukuonyesha kitu. Kibaya."

Fundi Mkuu alileta ndoo mbili. Mimi nilishika simu. Tulifua koti la kazi la Fundi lililojaa grisi, tukalihamishia pipa la pili, likazunguka mpaka duka zima likatetemeka. Lilipotoka nikampa Dada Mercy. "Likamue."

Akalikamua kwa nguvu zake zote za ulinzi. Hakikudondoka kitu. Akajaribu tena. Kule Kitui mama yake alikuwa amesogeza uso mpaka tukaona jicho moja tu.

"Hebu jaribu mara ya tatu," mama akasema.

"Mum, limeisha."

"Na maji machafu yanatokea wapi?"

Nikamwonyesha mpira wa kutolea maji. "Huu, mama. Unauelekeza utakapo."

"Kwa ndizi," alisema. "Nitauelekeza kwa ndizi. Na ile ingine, Mercy, ya kuimba, mwachie anayetaka kuimbiwa. Hiyo itanifungia nguo nianze kukupigia simu. Nipe hii nitakayoimwagia mwenyewe."

Dada Mercy alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. "Umeona? Mum amenisaliti mbele ya Waganda." Akajaza pipa kubwa kwa leso sita na sweta. Fundi Mkuu akakagua mara mbili kama hamna sufuria.

Nilifanya kazi mpaka Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Nikitazama nyuma, ninayowaachia ni machache. Msiamini kioo wala wimbo. Shikeni pipa, nuseni mpira, ulizeni vipuri vinapatikana wapi huko inakokwenda, na vitufe vikiwa vichache ni heri. Mtu akisema "yapo," ongezeni neno moja. Kuna siku sauti itatetemeka, na mtu atauliza hata hivyo, na jibu litakuja. Mimi bado naona haya. Nilidhani kazi ingeyaondoa, haikuyaondoa, lakini nimejua naweza kufanya kazi nikiwa nayo.

Jioni ile ya mwisho Meneja alinunua sambusa, akaniambia sasa naruhusiwa kumwita shangazi hata dukani. Tulipokuwa tunateremsha mlango wa chuma, Dada Mercy akaleta ujumbe wa sauti. Mashine imefika. Shemeji amekwisha kuja mara mbili na nguo zake mwenyewe. Halafu akanitumia namba ya mama yake, na sauti yake kutoka Kitui: "Mwambie yule mtoto anipigie kesho asubuhi. Nataka kufua blanketi na Mercy hajui kitu."

Sijawahi kumpigia simu mtu asiyekuwa wa nyumbani kwetu. Hata chakula huagiza mdogo wangu.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nimeshavaa sare ya shule, nilipiga Kitui. Kule ilikuwa saa kumi na moja na nusu na alishawasha moto.

"Blanketi moja, mama," nilisema. "La mtu mmoja. Na usilitie kwenye pipa la kukamulia, ni zito, litalipasua. Litundike lichuruzike."

"Ngoja nimimine maji. Usikate."

Nilisikia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi la shule lilikuwa linapiga honi chini.

"Sasa zungusha kitufe, mpaka dakika kumi."

Akazungusha. Nikashuka ngazi na simu sikioni, nikapanda basi, nikakaa, na tukaisikiliza ile mashine wote wawili mpaka ilipomaliza.