Kanga Kavu Mbele ya Mwasumini

Nimehama miji mingi, na kila mahali nilikumbuka harufu ya jioni ya uwani kwetu Makorora. Wiki iliyopita nilirudi kwa harusi ya mpwa wangu Zuhura. Asubuhi mama akaenda sokoni, nami nikashika panga nisafishe uwa. Ukutani kulikuwa na kichaka kilichotapakaa, matumba yake yamefumba. Nikakikata mpaka kisiki, matawi nikamrushia mbuzi wa jirani.

Alasiri shangazi aliingia na wanawake wenzake, wamebeba sinia na uzi.

"Tumekuja kuchuma asumini za bibi harusi. Mama yako kautunza mti huu kwa ajili ya leo."

Kumbe kile kichaka! Nikawatangulia mbio, nikatundika kanga ya mama kambani, mbele ya kisiki.

"Mwasumini uko wapi?" shangazi akauliza.

"Labda mama kauhamisha, shangazi."

"Kauhamisha? Kwani kigoda?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Zuhura, aliyewafuata uwani, hakucheka. Aliishika ile kanga. "Mjomba, mbona umeanika kanga kavu?"

Akaivuta. Juu ya kisiki lilikuwa panga langu, na matumba yaliyoligandia yalikuwa yamechanua, yananukia uwa mzima.