Pamba Mkononi mwa Baba

Juzi nesi aliponipaka spiriti mkononi, harufu ile ilinirudisha Temeke, Jumapili ambayo dada yangu alinipeleka sinema ya mchana. Ilikuwa filamu ya maiti anayefufuka na kufyonza damu za watu. Wakubwa walicheka. Mie nilijifunika kanga ya dada, nikawa nachungulia.

Tuliporudi nyumbani, mama hayupo. Baba kakaa kibarazani, kabana pamba yenye doa jekundu, inayonuka spiriti, kwenye kunjo la mkono.

"Shikamoo baba. Mama yuko wapi?" dada aliuliza.

"Marahaba. Uchungu umemshika ghafla, yuko hospitali. Kapungukiwa damu, wamechukua yangu."

Nilipiga ukelele. Kwangu mie, yule mumiani wa sinema alikuwa keshafika hospitali. "Baba, kamtoe mama, watammaliza!"

Hakunicheka. Alinipakata. "Hii damu kapewa yeye, mwanangu. Sasa hivi inatembea mwilini mwake."

Mama alirudi wiki ileile, kambeba mdogo wetu. Lakini alasiri ile, sikio langu likiwa kifuani pa baba, niliusikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu.